Kabla hujapeleka login yako hewani, cheki haya kwanza

Mtu anaandika login kwenye kompyuta yake, anajaza jina na pasiwedi, inakubali, anapandisha programu kwenye seva, alafu mtumiaji wa kwanza anabonyeza Ingia na anarudishwa palepale kwenye fomu bila hata neno la kosa. Kodi ni ileile. Kilichobadilika ni mazingira, na login ndo sehemu inayotegemea mazingira kuliko zote, inajali anwani, inajali kama ni http au https, inajali siri zako ziko wapi. Kwa hiyo kabla hujagusa hostingi yoyote chukua karatasi uandike mazingira yako yote, ya kwenye mashine yako, ya majaribio, na ya watumiaji wenyewe, na mbele ya kila moja anwani yake kamili. Kamili yani na https yake, na poti kama ipo, na kama ina www au haina.

Karatasi hiyo utaihitaji mapema sana kama unataka watu waingie kwa akaunti ya Google. Ile anwani ya kumrudisha mtu baada ya kukubaliwa, redirect_uri, inalinganishwa herufi kwa herufi na uliyoisajili, mkwaju mmoja ukizidi mwishoni unapata redirect_uri_mismatch na safari imeishia hapo. http ya kawaida wanaikubali kwa localhost tu, kwingine kote lazima https, na huwezi kuweka nyota kwamba ikubali anwani yoyote. Sasa zile hostingi zinazotengeneza anwani mpya kila ukisukuma kodi zitakusumbua sana hapo. Tenga anwani moja isiyobadilika ya majaribio na usajili hiyo, na kila mazingira yawe na kitambulisho chake na siri yake (client ID na client secret unazopewa na Google), usichanganye.

Kwenye kuki, yani kipande cha data ambacho seva inaipa brauza ili imkumbuke aliyeingia, tukae kidogo maana huku ndo watu wanapoteza siku nzima, mimi mwenyewe nilishapoteza moja. Ilikuwa hivi: pasiwedi sahihi, ukibonyeza unarudi kwenye fomu. Nikabonyeza F12 kufungua zana za brauza, nikaenda Network panapoonyesha kila ombi na jibu lake, nikatiki Preserve log ili mistari isifutike ukurasa ukihama. POST ya login (ombi la kutuma fomu) ilijibu 302, yani amri ya kuhamia ukurasa mwingine, kwenda dashibodi, na Set-Cookie, mstari wa kuipa brauza kuki, ilikuwepo kabisa kwenye jibu. Mstari uliofuata, GET ya dashibodi (ombi la kufungua ukurasa), haukubeba kuki yoyote, ukajibiwa 302 kurudi login. Pembeni ya Set-Cookie Chrome ilikuwa imeweka alama ndogo ya tahadhari, ukiisogelea na mausi inakwambia sababu: Domain niliyoandika kwenye kuki ilikuwa ya seva kuu na mimi nilikuwa kwenye anwani ya majaribio, brauza haipokei kuki ya domeini isiyo yake. Nikafuta Domain, ikakaa sawa. Kama huna sababu ya msingi ya kuiandika iache, kuki itabaki kwa hosti iliyoitoa na hicho ndo unachotaka mara nyingi.

Bado kuna SameSite, kipengele cha kuki kinachosema kama inaweza kwenda na maombi yanayotoka tovuti nyingine. Tangu Chrome toleo la 80, mwaka 2020, kuki ambayo haikutaja SameSite inachukuliwa kuwa Lax, yani kutoka tovuti nyingine inaenda tu mtu akifuata linki, kwa hiyo kama kurasa zako ziko domeini moja na API (sehemu ya seva inayotoa data) iko domeini nyingine kabisa, kuki haitaenda na maombi ya fetch yanayotumwa na JavaScript ya ukurasa. Utasema basi naweka None (iende popote) pamoja na Secure (ipite kwenye https tu), sawa, lakini Safari inazuia kuki za domeini ya tatu, yani isiyo ya ukurasa uliofunguliwa, bila kuulizwa, na karibu watumiaji wote wa iPhone watakwama. Ushauri wangu ni mmoja tu, weka vyote chini ya domeini yako, app na api kama matawi yake. Na angalizo hapa, matawi mawili ya github.io au vercel.app hayahesabiki kuwa ndugu, brauza zina orodha ya domeini za namna hiyo na kila tawi linachukuliwa kama tovuti ya mwingine. Kwenye mashine yako pia kuna mtego, kuki hazitofautishi poti, programu ya poti 3000 na ya 8000 zote za localhost zinaandikiana kuki za jina moja juu kwa juu, wakati localhost na 127.0.0.1 ni hosti mbili tofauti japo mashine ni hiyohiyo.

Kingine ni proksi, seva ya mbele inayopokea maombi na kuyapitisha kwa programu yako. Hostingi nyingi zinamalizia https mlangoni na programu yako huko ndani inapokea http tupu, kwa hiyo inaamini haiko salama na inaweza kugoma kutoa kuki yenye Secure. Habari ya ukweli inakuja kwenye kichwa cha ombi kinachoitwa X-Forwarded-Proto ila lazima uiambie programu iiamini: kwenye Express (ya Node.js) ni trust proxy, kwenye Django (ya Python) ni SECURE_PROXY_SSL_HEADER, na CSRF_TRUSTED_ORIGINS ya Django, orodha ya anwani zinazoaminiwa kutuma fomu, kuanzia toleo la 4.0 inataka uandike na https:// mwanzoni. Usiwashe hii kama programu inafikika moja kwa moja bila kupita proksi, mtu yeyote anaweza kutuma kichwa hicho mwenyewe. Cheki pia kizuizi chako cha waliokosea pasiwedi mara nyingi, kama kinaangalia IP na kinaiona ya proksi tu, mtu mmoja akikosea mara tano umefungia watu wote nje.

Siri ya kusaini sesheni, yani kumbukumbu ya mtu aliyeingia, ikae kwenye environment variables za seva, sio kwenye kodi, na ikishaingia git (panapotunzwa matoleo yote ya kodi) hata ukiifuta leo bado ipo kwenye historia, ibadilishe. Isizaliwe upya kila programu ikiwaka, maana kila ukipandisha toleo jipya watu wote wanatolewa, na ukiwa na seva mbili, moja inasaini nyingine inakataa, mtu anaingia na kutoka bila kuelewa. Sesheni zilizokaa kwenye memori zina shida hiyohiyo, ziweke Redis (hifadhi ya data ya haraka) au kwenye databesi.

Memori yenyewe ipigie hesabu. Argon2id, njia ya kuficha pasiwedi zinazohifadhiwa, kwa kipimo cha chini kinachopendekezwa na OWASP, shirika la usalama wa programu, inakula MiB 19 kwa kila anayeingia, watu 20 kwa mpigo ni MiB 380, kwenye seva ya MiB 512 hapo umebanwa kwelikweli.

Emaili za kubadili pasiwedi: hostingi nyingi zimefunga poti 25, tumia 587, weka SPF na DKIM (rekodi za domeini zinazothibitisha emaili ni yako), hakikisha linki haisemi localhost, na mazingira ya majaribio yasiwe na uwezo kabisa wa kumwandikia mtumiaji halisi.

Ikishapanda, jaribu kwa simu yenye data yake, sio waifai ya ofisini, kwenye dirisha la siri. Ingia, restati seva, rifreshi uone kama bado umo ndani. Toka, bonyeza bek, alafu rifreshi, usione chochote cha ndani.