Ukihama serikali kuu kwenda kaunti, pensheni yako nayo ihame

Mwalimu wa TSC (tume inayoajiri walimu wa Kenya) aliye Nakuru akichukuliwa na serikali ya kaunti, si mwajiri tu anayebadilika; mpango wa pensheni pia. Wengi wa walimu, polisi na watumishi wa serikali kuu wako kwenye PSSS, mpango wa pensheni wa utumishi wa umma ulioanza Januari 1, 2021. Kaunti nyingi hukatia LAPFUND au CPF, mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa kaunti. Usitarajie ofisi hizo ziulizane habari zako. Karatasi utazibeba mwenyewe.

Kwanza barua. Ukiwa na barua ya kazi mpya mkononi, mwombe mwajiri wa sasa idhini ya uhamisho wa utumishi, kwa maandishi, kabla hujagusa neno "kujiuzulu". Aliyeajiriwa kabla ya 2021 ndiye wa kuwa macho zaidi: miaka ile iko chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, iliyohesabu miaka ya utumishi. Wengi hawakukatwa kitu wakati huo, hivyo hakuna akiba yenye jina lao ya kurudishiwa. Anayejiuzulu tu anaweza kuondoka mikono mitupu.

Omba pia taarifa ya michango yako PSSS, kisha linganisha majina herufi kwa herufi. Kitambulisho kikisema "Rose Akinyi Atieno" na hati ya mshahara "Rose Atieno", faili itakwama. Rekebisha ukiwa bado kazini. Ukishaondoka, hakuna karani atakayekukimbilia.

Fedha zenyewe, zihamishe. Anayetoka kabla ya umri wa kustaafu kwa kawaida anaweza kuchukua michango yake na nusu ya ile ya mwajiri. Inashawishi, hasa ada za shule zikibisha, lakini hapo umeanza upya ukiwa na miaka pungufu. Jaza fomu ya uhamisho ya mpango wa zamani, uambatanishe nakala za kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya kodi), barua ya ajira na uthibitisho wa uanachama mpya.

Mshahara wa kwanza utakushtua. PSSS hukata asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu; kwenye mipango ya kaunti ni 12. Kwa mshahara unaohesabiwa pensheni wa Sh40,000, makato yanapanda kutoka Sh3,000 hadi Sh4,800. Hujaibiwa. Mwajiri huweka asilimia 15 kote kuwili.

Namba ya NSSF ni ileile, usijisajili tena. Fomu ya warithi ndiyo haikufuati: jaza nyingine.

Baada ya miezi mitatu, dai taarifa kutoka kwa mpango wenyewe. Hati ya mshahara huonyesha ulichokatwa tu, na kaunti kuchelewesha michango si jambo geni. Inapaswa kufika kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kupita. Ikikosekana, andikia mwajiri na mpango, tunza nakala zilizogongwa muhuri, na wakinyamaza peleka malalamiko RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya pensheni.