Kabla Hujaanza Keto: Nani Apime Ketoni, Nani Asijisumbue

Keto ni ulaji wa kukata karibu wanga wote ili mwili uchome mafuta, na ketoni ni kemikali ambazo mwili hutengeneza unapoyachoma. Je, lazima uzipime? Jibu fupi kwanza. Kama wewe ni mzima, humezi dawa yoyote, huna mimba wala hunyonyeshi, na unakula keto ili upunguze uzito tu, kupima ketoni si lazima. Kama una kisukari, zungumza na daktari wako kwanza, na usianze kabla kipimo hakijaingia nyumbani.

Chakula kipange mapema. Ugali, wali, chapati, mihogo, ndizi na soda vinatoka. Mayai, samaki, nyama, mchicha na parachichi vinaingia. Korosho zina wanga kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usizitafune kama njugu za barazani. Maji kunywa. Siku za mwanzo mwili hupoteza maji na chumvi, ndiyo maana kichwa huuma na misuli hukaza. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi bila kumuuliza daktari.

Kipimo nacho kijue kabla hujatoa hela. Stripu za mkojo, vile vipande vyembamba vya kuchovya, ndizo rahisi. Zinapima aina moja ya ketoni, asetoasetati, na ukinywa maji mengi rangi hufifia. Mwili ukishazoea keto, stripu inaweza kupauka ingawa bado unachoma mafuta vizuri, na hapo watu huanza kujinyima bure. Kichupa kifunge mara tu unapochomoa stripu, hasa ukiwa pwani, maana unyevunyevu unaziharibu. Rangi isome kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa: kuna za sekunde 15, kuna za 40. Ukiiacha mezani ukaja kuitazama baadaye, umesoma uongo.

Mashine ya damu ni ya uhakika zaidi, kwa sababu inapima beta-hidroksibutireti, ketoni iliyo nyingi kuliko zote damuni. Kwa mtu wa keto, 0.5 hadi 3.0 milimoli kwa lita ndicho kiwango cha kawaida. Kufika 2.5 hakumaanishi unapungua haraka kuliko mwenzako wa 0.8. Pima saa ileile kila mara, kwani kipimo cha asubuhi na cha jioni hutofautiana. Na uliza vizuri dukani: mashine nyingi za sukari hazipimi ketoni, na zile zinazopima huhitaji stripu zake maalumu.

Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, sukari yake inaweza kushuka ghafla akiacha wanga huku dozi ikibaki ileile. Daktari aipange upya kabla, wala usijipunguzie mwenyewe.

Sasa hili lisome mara mbili. Mama yangu mdogo ana kisukari aina ya 2, na daktari alimwandikia empagliflozin. Ni katika kundi moja na dapagliflozin: dawa nzuri, zinasaidia moyo na figo, na kazi yake ni kuitoa sukari kupitia mkojo. Akasikia habari za keto kwa majirani, akaacha ugali na wali, akafurahi jinsi kilo zilivyokuwa zikimtoka. Hakuna aliyemuuliza anameza nini. Baada ya wiki kadhaa akaanza kichefuchefu, kisha kutapika, kisha tumbo. Tukampima sukari: 10.4 milimoli kwa lita. Tukampeleka kituo cha afya, wakampima, ikawa vilevile. "Mama, sukari yako haitishi, hii ni vidonda vya tumbo," akaambiwa, tukarudi na dawa za asidi.

Usiku akawa anahema kama aliyepanda ngazi, ilhali amelala. Tukaenda hospitali nyingine. Muuguzi wa zamu alichovya stripu kwenye mkojo, nami nilikuwa nimesimama pembeni yake: kile kiboksi cha ketoni kilitoka rangi ya maziwa kikawa zambarau iliyokolea kabla hata hajamaliza kuhesabu. Akageuka, "Mama, unatumia dawa gani za sukari?" Alipotajiwa jina, akamwita daktari. Damu ilikuwa imejaa asidi. Wakamwekea maji, insulini na dripu ya glukosi kwa pamoja, wakafuatilia potasiamu usiku kucha. Alipona.

Hiyo ni ketoasidosisi, yaani ketoni kujaa mpaka damu ikawa na asidi, na kwa watumiaji wa dawa hizi inaweza kuja sukari ikiwa karibu na kawaida, kwa kuwa figo zinaendelea kuimwaga. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili Mei 2015. Kwa hiyo kipimo cha sukari pekee hakimlindi mtu wa namna hii. Anayemeza dawa yenye jina linaloishia na "gliflozin" asianze keto mpaka daktari aliyemwandikia aseme. Na akitapika, akiumwa tumbo, akihema haraka au pumzi ikinuka matunda yaliyoiva sana, apimwe ketoni siku hiyohiyo, hata kama sukari inasoma 8. Ketoni za damu zikifika 3 na mwili ni mgonjwa, ni hospitali, usiku huohuo. Zikiwa chini ya hapo lakini hali ni mbaya, ni hospitali vilevile. Ukifika, sema kabla hujaulizwa: natumia dawa hii, na sili wanga. Kasha la dawa nenda nalo.

Mwenye kisukari aina ya 1 asijaribu keto peke yake. Anayenyonyesha asikate wanga kwa kasi. Wapo kina mama waliopata ketoasidosisi bila kuwa na kisukari kabisa. Mtoto wa kifafa anayepewa keto kama tiba awe chini ya wataalamu, na ratiba ya kupima watakupa wao. Ukiugua malaria au tumbo la kuhara, keto isimame kwanza. Ukipangiwa upasuaji, taja dawa na chakula mapema, kwa sababu gliflozin husimamishwa siku kadhaa kabla. Kufunga juu ya keto, pombe juu ya keto, mazoezi makali bila kula, vyote muulize anayekutibu.