Chai ya alasiri ya watoto: kufundisha adabu mkekani, hatua kwa hatua

Jirani yangu hapa Tanga aliniomba nimsaidie kuandaa chai ya mwanawe aliyetimiza miaka 6. Keki na muziki hakuvitaka. Alitaka mtoto ajue kupokea wageni, maana kila wakija watu hukimbilia chumbani na kujifungia. Nimeshaandaa chai za namna hii mara nyingi kwa wanangu na watoto wa mtaani, na ya kwanza iliniharibikia kabisa. Niliwakalisha watoto 14 barazani, nikawaeleza adabu moja baada ya nyingine. Chai ikapoa, sinia likavamiwa, na mdogo kuliko wote akaenda kwao hajatia kitu mdomoni.

Tangu siku ile nashika sharti moja: mkekani hakuna anayejipakulia. Kila mtoto anamhudumia mwenzake. Mengine yote hapa chini yanalitumikia hilo.

Hatua ya 1: Wageni na saa

Watoto 6 wanatosha, wasizidi 8, wa miaka 5 hadi 9. Anza saa 10 alasiri, saa 11 na nusu wawe wanaaga. Mwaliko aupeleke mtoto mwenyewe, wewe ukiwa nyuma yake: "Naomba uje kunywa chai kwetu Jumamosi." Hapo hapo waulize wazazi kama kuna anayedhurika na karanga, maziwa au mayai. Ukisahau kuuliza, basi kashata za karanga ziache kabisa.

Hatua ya 2: Vyombo

Mkeka, sinia moja, birika dogo lisilozidi nusu lita, vikombe vya udongo vyenye vishikio, na visahani vyake. Vikombe vya plastiki sivitaki. Mtoto hukirusha kikombe anachojua hakivunjiki. Mpe kinachovunjika uone anavyokishika. Vya bati navyo huchoma mdomo. Chupa ya chai ya kubonyeza ibaki jikoni, kwa sababu ikifika mkekani inageuka mchezo na hakuna atakayemsikiliza mwenzake tena.

Hatua ya 3: Chai na vitafunio

Nusu lita ya maziwa, nusu lita ya maji, majani kijiko kimoja kidogo, iliki 4 zilizopondwa, sukari kidogo. Mimi hutumia majani ya milima ya Usambara, yana harufu yake hata yakiwa machache. Tangawizi iache, wadogo wataikataa. Usiwape chai mara tu baada ya chakula cha mchana, kwani hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye chakula.

Vitumbua, visheti na katlesi ndogo. Kaimati za shira hapana, vidole vinanata na kila kikombe kinateleza.

Chai iteremshwe jikoni saa 9 na nusu, ili ikifika mkekani iwe vuguvugu.

Hatua ya 4: Hodi na maamkizi

Mlango ufungwe hata kama wageni unawaona wanakuja. Mgeni anasimama pembeni ya mlango, si mbele yake akichungulia ndani, anapiga hodi, anasubiri. Mara tatu kimya, anarudi alikotoka. Mtoto wa nyumbani anauliza, "Nani?" Na hapa karibu wote hujibu, "Mimi!" Mfundishe ataje jina lake, maana "mimi" ni kila mtu. Wakishajibiwa "Karibu", viatu vinavuliwa na kupangwa mlangoni.

Shikamoo isitupwe mtoto akiwa anakimbia. Asimame kwanza, amwangalie mkubwa, aamkie. Nasi wakubwa tuna deni hapa. Mara ngapi mtoto anaamkia na mtu anaitikia "mm" macho yakiwa kwenye simu? Acha unachofanya, sema "Marahaba, hujambo mwanangu?" na usubiri jibu lake.

Hatua ya 5: Kunawa

Birika la maji, beseni, sabuni, taulo. Mwenyeji ndiye anayewamiminia wageni.

Hatua ya 6: Kuhudumiana

Hii ndiyo iliyonitesa. Nilikuwa nasema "Subirini mpaka wote wapate," na kabla sijamaliza sentensi mkono mmoja umeshafika kwenye vitumbua. Nilijaribu kuwagawia mwenyewe: wakawa wanalinganisha nani kapata kikubwa. Nilijaribu kuanza na wakubwa: wadogo wakachoka, wakainuka. Siku nilipompa kila mtoto kazi ya kumhudumia aliye kulia kwake ndipo mambo yakatulia, kwa kuwa anayesubiri anajua zamu ya kushika birika inamjia.

Inakwenda hivi. Kama yupo bibi au mgeni mkubwa, apewe yeye kwanza. Kisha mwenyeji mdogo anamgeukia wa kulia kwake: "Nikupe chai?" Anajibiwa, "Ndiyo, naomba." Anamimina, anapokea "Ahsante", anajibu "Karibu", anamkabidhi birika huyo aliyehudumiwa, naye anamgeukia wa kulia kwake. Sinia la vitafunio linafuata njia ile ile. Hakuna anayeonja mpaka birika limerudi lilipoanzia na mwenyeji amesema "Bismillahi, karibuni", au wameomba kwa desturi ya nyumba yenu. Kwa watoto 6 mzunguko mzima ni dakika chache. Kwa 14 hauishi. Ndiyo sababu ya idadi niliyoitaja mwanzo.

Kabla ya wageni kufika, fanyeni mazoezi kwa maji baridi. Mkono wa kulia kwenye kishikio, wa kushoto umeshika kifuniko kwa kitambaa kilichokunjwa. Kikombe kinabaki juu ya sinia, hakishikwi na mtu wakati kinamiminiwa. Mdomo wa birika usogee karibu na kikombe. Wasiige wauza kahawa wanaomimina kutoka juu. Kikombe kijae nusu tu. Hata baada ya mazoezi, mwenye miaka 5 mshikie birika kwa chini.

Usalama siufanyii mzaha. Chai ya nyuzi 60, ambayo mtu mzima anaiona ya kunyweka, inaweza kumuunguza mtoto kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo onja wewe kwanza, na sufuria ya moto isivuke mlango wa jikoni. Mtoto akiungua, maji baridi ya bomba yatiririke juu ya kidonda kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na samli usipake. Ikiwa ni usoni, au pametoka malengelenge, au pameungua eneo kubwa kuliko kiganja chake, mpeleke hospitali.

Kupokea na kutoa ni kwa mkono wa kulia. Mtoto wa mashoto je? Mwache amimine kwa mkono wenye nguvu, kisha kisahani akitoe kwa wa kulia. Usimpige mkono wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Birika likimponyoka kwa woga, kosa litakuwa lako.

Kukataa nako kuna adabu yake, na wengi hatuifundishi. Badala ya "Staki", aseme "Ahsante, nimetosheka." Mwenyeji anamkaribisha tena mara moja, halafu anamwacha. Usimlazimishe amalize.

Chai itamwagika, jiandae. Weka vitambaa viwili karibu na uzuie ulimi wako. Wenzake waseme "Pole", aliyemwaga afute, jirani yake amsogezee visahani. Mkubwa akipiga kelele hapo, watoto watajifunza hizo kelele.

Kwa jirani yangu sinia lilibaki na kitumbua kimoja. Mwanawe alikitazama, mkono ukatoka gotini, ukarudi. Akamuuliza wa kulia kwake, "Umekula vingapi?"

"Viwili."

"Na mimi viwili."

Akakimega. Vipande havikuwa sawa, kimoja kilitoka kikubwa na ganda lake la kahawia lote. Alivishika vyote viwili kwa muda, akavitazama, kisha akampa mgeni kile kikubwa.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Kumeza kwanza, kusema baadaye. Kutovuta chai kwa sauti. Anayezungumza amalize. Nami huwapa swali moja kila mmoja amuulize mwenzake, kwa mfano, "Kwenu nani anapika chai tamu?"

Hatua ya 8: Kuaga

Vikombe wanavirudisha jikoni wenyewe, kimoja kimoja. Mgeni anamshukuru aliyepika kwa kumfuata alipo: "Ahsante kwa chai, mama." Mwenyeji anawasindikiza mpaka nje ya geti, hawaachi mlangoni. Kama vitafunio vimebaki, wafungie kwenye sahani halisi, usiwape kwenye mfuko. Na umkumbushe mzazi kwamba sahani ya jirani hairudi tupu.

Ya jirani yangu ilirudi Jumatatu jioni ikiwa na ndizi mbivu tatu. Ililetwa na msichana mdogo kuliko wageni wote wa Jumamosi, ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alisimama pembeni ya mlango, akapiga hodi, akasubiri. Kutoka ndani yule mvulana akauliza, "Nani?" Akataja jina lake.