Namna ya Kumfuata Ndugu Aliyeingia Dhehebu la Siku za Mwisho

Ukiwa Mombasa na umemwona ndugu yako akiuza vyombo vya nyumba, akiwatoa watoto shuleni na kukataa dawa kwa kuwa mhubiri wake amemwambia dunia imefikia ukingoni, fahamu kwamba una kazi mbili zisizokwenda mwendo mmoja: mtu mzima hufuatwa polepole, mtoto hufuatwa siku hiyo hiyo.

Anza na mtoto, kwa sababu haki yake ya chakula, matibabu na elimu, iliyomo katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, haiondolewi na imani ya mzazi. Piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, kisha uende kwa afisa wa watoto na kituo cha polisi, wala usitoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio ambamo polisi huandika ripoti yako. Kusema tu kwamba kuna kanisa baya hakutoshi. Peleka majina, umri, picha, mahali walipo na siku walipoonekana mara ya mwisho. Mnamo Machi 2023 Paul Mackenzie, mhubiri aliyedaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa, alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana, na mwezi uliofuata makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, yakaanza kufukuliwa. Miili iliyotolewa ilipita 400. Mackenzie alifikishwa katika mahakama za Mombasa na akakana mashtaka. Kwa hiyo ripoti ya kwanza ikionekana kulala, rudi na nambari yako ya OB umwone mkuu wa kituo.

Kwa mtu mzima, usikate simu hata akikutukana. Usishindane naye aya kwa aya, maana hayo ndiyo aliyofunzwa kuyajibu. Muulize nani anashika pesa zake, na kama ataruhusiwa kuja mazishini mama akifariki. Muhimu zaidi, usikusanye vijana wa mtaa mkavamie boma. Mhubiri amekwisha kuwatabiria wafuasi wake kwamba walimwengu watakuja na silaha, nanyi mkifika hivyo mtamthibitisha kuwa nabii.

Yaliyotokea karibu na Waco, Texas, yanaonyesha hatari hiyo. Tarehe 28 Februari 1993 maafisa wa serikali ya Marekani walivamia makao ya wafuasi wa David Koresh, mhubiri wa siku za mwisho, na maafisa wanne na wafuasi sita wakafa. Kuzingirwa kwa makao hayo kulidumu siku 51. Kwa mazungumzo walitoka watu 35, wakiwamo watoto 21, ijapokuwa wakati huo huo umeme ulikatwa na kelele zikapigwa usiku kwa vipaza sauti, jambo ambalo wapatanishi wenyewe walililalamikia. Tarehe 19 Aprili magari ya deraya yaliingiza gesi, moto ukazuka, na watu 76 wakafa, Koresh mwenyewe akiwa miongoni mwao.

Ndugu akitoka, mpeleke hospitali kabla ya nyumbani. Aliyefunga kwa siku nyingi anaweza kufa kwa kulishwa ghafla, hivyo pilau ya kumkaribisha isubiri mpaka daktari aseme. Usiikejeli imani yake. Mtafutie mchungaji aliyemwamini zamani, na akishatulia mwulize ni nani waliobaki huko wanaotaka kutoka, kwa maana yeye ndiye anayeyajua majina yao na vibanda wanamolala.