Jina lako kuwa CRB si kosa

Wakenya wenzangu, tuache kusema "nimetupwa CRB" kana kwamba ni jela. CRB ni kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Ukishakopa benki au kwenye simu, taarifa zako ziko huko, hata kama hujawahi kuchelewa siku moja. Anayekukopesha anaangalia umelipaje.

Linaloumiza wengi ni hili: ukimaliza deni lililochelewa, rekodi haifutiki siku hiyo. Itaonyesha umelipa, lakini historia yake hukaa miaka 5, na hesabu huanza siku uliyolimaliza. Kwa hiyo kila mwezi unaoahirisha unaisogeza mbele hiyo miaka 5. Lipa sasa, tafadhali.

Mdogo wangu alinyimwa mkopo wa bodaboda kwa sababu ya shilingi 1,300 alizokopa kwenye laini aliyokwisha kuitupa. Alikuwa amesahau kabisa! Angeomba ripoti yake ya CRB mapema angeliona, na kujikagua mwenyewe hakushushi alama zako za kukopesheka. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila moja ya CRB hizi: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Omba zote tatu, maana huenda zisifanane. Ukikuta deni usilolijua, ipelekee CRB hiyo malalamiko kwa maandishi siku hiyohiyo.