Jiwe hili lilichongwa na mtu? Jinsi ya kulikagua papo hapo ulipolikuta

Masika yakiisha, makorongo huwa yameanika mawe yaliyofukiwa kwa vizazi visivyohesabika. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, ilijulikana kwa njia hiyo mwaka 1951: maji yalikuwa yamekula udongo na kuacha wazi kwenye sakafu ya korongo mashoka ya mkono, yaani mawe yaliyochongwa ili yashikwe kiganjani bila mpini. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi, mkulima au mchungaji anayekutana na jiwe la namna hiyo. Nasisitiza jambo moja tangu sasa: jiwe halina tarehe. Tarehe imo kwenye udongo lilimolala, na ukishaling'oa humo hakuna maabara itakayolirudisha.

Hatua ya 1: Liache chini, piga picha

Weka rula kando yake. Ukikosa rula, sarafu inafaa. Piga picha ya karibu ukiwa wima juu yake, nyingine kutoka mita chache, na ya tatu ionyeshe korongo zima. Andika latitudo na longitudo kutoka kwenye simu.

Sasa inua macho utazame ukuta wa korongo. Je, kuna mawe mengine yanayochungulia kwenye matabaka? Moja lililokwama kwenye tabaka lina thamani kuliko kumi yaliyotawanyika mchangani, kwa kuwa tabaka linaweza kupimwa umri. Olduvai ilipata umri wake hivyo: mwaka 1961, majivu ya volkano ya tabaka la chini kabisa yalipimwa kwa njia ya potasiamu na argoni, yakatoa miaka milioni 1.75. Kwa hiyo lililokwama usiliguse kabisa. Lililo juu ya ardhi unaweza kuligeuza, ila lirudishe vilevile.

Hatua ya 2: Tafuta alama za pigo

Hapa usiwe na haraka. Mchongaji alishika jiwe kubwa, yaani kiini, akaligonga ukingoni kwa jiwe jingine, kibanzi kikabanduka. Pigo lile huacha alama zinazofuatana.

Anza na ncha nene ya kibanzi. Unapaswa kuona bapa dogo palipotua pigo. Chini yake, upande wa ndani uliokuwa umeshikana na kiini, pitisha kidole gumba: kuna kinundu, mwinuko laini. Kutoka kwenye kinundu husambaa mikunjo ya duara, kama viwimbi vya jiwe lililotumbukia bwawani. Elekeza jiwe kwenye jua la pembeni, asubuhi au jioni, mikunjo itajitokeza. Jua la mchana huificha.

Kisha geuza. Mgongo wa kibanzi ama una ganda la asili la jiwe, ama una makovu ya vibanzi vilivyotangulia. Kovu moja halinishawishi. Makovu matatu au zaidi yanayotoka upande mmoja, au yanayokutana katikati, ndiyo hunidundisha moyo, kwa maana mtu alilizungusha jiwe mkononi akiwaza pigo linalofuata.

Ukishika kiini badala ya kibanzi, alama hugeuka: penye kinundu utakuta kishimo.

Kwatsi, jiwe gumu ambalo mara nyingi ni jeupe, ina ukaidi wake. Huvunjika ovyo, kinundu hakionekani, na mara nyingi iliwekwa juu ya jiwe jingine ikapondwa kutoka juu. Kwenye kwatsi tafuta ncha mbili zilizopondeka zinazotazamana.

Hatua ya 3: Ondoa vinavyofanana nayo

Kokoto za kresha ya barabara ni hatari kuliko zote, kwani zina bapa na kinundu halisi. Ukiwa karibu na barabara ya kokoto, tilia shaka kila kitu. Jiwe lililopasuliwa na moto huwa na vishimo vya duara visivyo na mahali pa pigo. Kwato za ng'ombe hung'ata makali bila mpangilio. Pigo la jembe au trekta huacha rangi mbichi, ilhali makovu ya kale yamechakaa sawasawa na sehemu nyingine ya jiwe.

Hatua ya 4: Jiulize jiwe lilitoka wapi

Linganisha na miamba ya jirani. Kama hakuna mwamba wa aina hiyo, na mto haungeweza kulileta, andika hivyo kwa herufi kubwa. Olorgesailie nchini Kenya, watu wa takriban miaka 300,000 iliyopita walitumia obsidiani, yaani kioo cha volkano, iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Kemia tu ya jiwe imetufungulia habari za safari, pengine na za kubadilishana vitu na majirani.

Hatua ya 5: Taja umbo, usitaje umri

Shoka la mkono lililochongwa pande zote mbili ni la Zama za Mawe za Kale. Lakini mashoka hayo yalikuwapo tayari miaka milioni 1.76 iliyopita huko Kokiselei, magharibi mwa Ziwa Turkana, yakaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka milioni moja. Vibanzi vya sentimita mbili hivi vyenye mgongo uliofanywa butu kwa makusudi kwa kawaida huwa vya nyakati za karibu zaidi. Eleza na pima. Umri waachie wapima matabaka.

Hatua ya 6: Usioshe

Najua mkono unawasha. Udongo ule kwenye makali unaweza kuwa na mabaki ya mimea. Peninj, kando ya Ziwa Natron, mashoka ya miaka milioni 1.5 hivi yalikutwa na chembe ndogo sana za mgunga, ishara kwamba yalichonga mbao. Brashi moja ya kufulia ingefuta habari yote hiyo.

Hatua ya 7: Toa taarifa

Tanzania, anza na afisa utamaduni wa halmashauri au Idara ya Malikale. Kenya, Makumbusho ya Taifa. Kuchimba bila kibali ni kosa kisheria. Peleka picha, nukta za mahali na mchoro wa ukuta wa korongo, jiwe libaki. Kama ukingo unabomoka na vuli inakaribia, liandike hilo kwenye mstari wa kwanza, ili anayepokea taarifa ajue kwamba muda ni mfupi.