Mtoto akianza kuendesha: rudisha maji kwanza, mambo ya kufunga tumbo achana nayo

Wamama, na wababa pia juu siku hizi nyinyi ndio mnatumwa kemisti usiku, mvua ikianza tu hapa Kisumu najua hio wiki itakuwa ya matumbo. Mimi nauza kwa kemisti upande wa Kondele na ombi ni lile lile, "nipe kitu ya kumfunga mtoto tumbo". ORS, ule unga wa paketi wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ata haitajwi. Mtu anataka kufunga tu. Sasa shida iko hapo, manake mtoto anayeendesha hamalizwi na ile choo, anamalizwa na maji na chumvi zenye zinatoka nayo, na mtoto mdogo hana maji mengi ya kupoteza, asubuhi anacheza, jioni macho yameingia ndani. Kwa hio kazi yako ya kwanza ni kurudisha maji, na unaweza kuianza hapo kwa nyumba kabla hujaita ata boda.

Alafu kabla ya kushtuka hakikisha ni kuendesha kweli. Mtoto mchanga anayenyonya tu, choo yake ni laini, ya njano, iko na vitu kama mbegu mbegu ndani, na anaweza enda kila akinyonya na ako sawa kabisa. Kuendesha ni choo ya maji maji mara tatu au zaidi ndani ya masaa 24, na iwe imebadilika na ile yake ya kila siku. Ikiwa mtoto hajafikisha miezi miwili na imefika hapo, usisome hii kitu mpaka mwisho, mnyonyeshe na mwende kituo cha afya leo, sio kesho.

Kuchanganya ORS

Watu wanasema hii ni rahisi na ndio wanaikosea. Soma paketi kwanza. Kuna za nusu lita na kuna za lita moja, kwa macho zinafanana, na kiwango cha maji kimeandikwa hapo nje. Kama ni ya nusu lita chukua ile chupa ya maji ya kununua ya 500 ml, ioshe vizuri, jaza maji yenye umechemsha na yamepoa, alafu mwaga kwa jagi ama sufuria safi na uweke unga WOTE wa paketi. Koroga mpaka uishe kabisa. Basi. Usiongeze sukari, usiweke juisi, usiweke maziwa, na usipime kwa kikombe chenye hujui kinabeba ngapi.

Nasisitiza hii ya unga wote juu kuna wenye huweka nusu paketi leo na nusu kesho ndio isiishe haraka, na kuna wenye huweka paketi nzima kwa kikombe kimoja ndio "iwe na nguvu". Ikiwa nyepesi sana haifanyi kazi, ikiwa nzito sana chumvi inamzidi mtoto na kuendesha kunaongezeka. Funika jagi, na ikipita masaa 24 mwaga uchanganye ingine.

Kumpa tumia kikombe na kijiko, achana na chupa ya kunyonya, ni ngumu kusafisha. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe kama robo mpaka nusu kikombe kila baada ya kuendesha, yani 50 mpaka 100 ml. Wa miaka miwili kwenda juu nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, sio kumwagia yote mdomoni juu ako na kiu. Akitapika watu hukata tamaa hapo hapo wanasema "tumbo imekataa". Haijakataa. Ngoja dakika kumi alafu anza tena polepole zaidi, kijiko kimoja kila dakika mbili tatu. Inachosha, najua, unakaa hapo kwa kitanda usiku mzima na kijiko mkononi, lakini hio ndio dawa yenyewe.

Na kama uko na shaka vile unga wa chumvi na sukari unaweza kuwa dawa, hii kitu ilijaribiwa mahali pagumu sana. 1971 wakati wa vita ya Bangladesh wakimbizi walijaa India, kipindupindu kikaingia kambini na dripu zikaisha. Daktari mmoja anaitwa Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwa maji, wagonjwa wakawa wananyweshwa na jamaa zao wenyewe, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Sababu ni hii, sukari ikipita kwa ukuta wa utumbo inavuta chumvi, na chumvi inavuta maji, kwa hio ata kama utumbo ni mgonjwa maji bado yanaingia mwilini. Ndio maana vipimo haviguswi. Na ndio maana soda haiwezi kuwa ORS, sukari yake ni nyingi mno, inavuta maji kurudi kwa utumbo na mtoto anazidi kuendesha. Najua kuna nyumba soda ndio ya mgonjwa, lakini hapa wacha.

Kama ni usiku na hakuna paketi kabisa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, visiwe na kilima. Onja kabla ya kumpa, chumvi isizidi ile ya machozi. Hii ni ya kukuvusha mpaka asubuhi tu, kukipambazuka tafuta ya paketi.

Zinki, na usiachie njiani

ORS ina ndugu yake, zinki. Mara nyingi ziko kwa boksi moja na hauhitaji barua ya daktari, na kwa vituo vya serikali uliza kwanza kabla hujanunua. Miezi sita kwenda juu ni tembe moja ya 20 mg kwa siku, chini ya miezi sita ni nusu tembe, yani 10 mg. Weka kwa kijiko na maziwa yako kidogo ama maji safi, inayeyuka yenyewe. Ladha yake ni ya chuma chuma, atakunja uso. Akitapika kabla nusu saa kuisha mrudishie. Alafu unaendelea siku 10 mpaka 14 ATA KAMA AMEACHA KUENDESHA siku ya tatu. Hapa ndio wengi wanaangusha, wananiambia "ameshapona, zingine nimemwekea ndugu yake". Zinki haitibu tu ya leo, inapunguza nafasi ya kurudi tena hio miezi miwili mitatu inayofuata.

Chakula hakikatwi. Anayenyonya anyonye zaidi, mchana na usiku. Mwenye anakula mpe uji, ndizi, viazi, wali laini, yai, samaki umetoa miiba, ata unga wa omena kwa uji kama ameuzoea, kidogo kidogo na mara nyingi. Hio ya kumlaza njaa ndio tumbo ipumzike inamfanya akonde na achelewe kupona. Akishapona muongezee mlo mmoja kwa siku kama wiki mbili hivi.

Zenye sitakuuzia bila maneno

Flagyl, ile antibiotiki watu hukimbilia tumbo ikisumbua. Wacha niseme tu. Matumbo mengi ya watoto wadogo yanaletwa na virusi na Flagyl haina shughuli yoyote na virusi. Iko na kazi yake kama vipimo vimeonyesha vidudu vya amiba ama jiadia, na hio aamue mwenye amempima mtoto, sio mimi kwa kaunta na sio jirani yako mwenye alibaki na chupa nusu. Zile tembe za watu wakubwa za kufunga tumbo, loperamaidi, usiwahi kumpa mtoto. Utumbo unaweza kusimama ufure na yeye anazidi kuwa mgonjwa ndani kwa ndani huku wewe ukiona choo imeisha unashukuru.

Sasa hii ya meno. Mtoto wa miezi minne, mitano akiendesha na ako na joto, kuna mtu atamfunua mdomo aone ufizi umevimba weupe aseme ni meno ya plastiki, wengine wanaita ya nailoni, na kuna mtu mtaani anaitoa. Huku kwetu na ata mbele huko vijijini hii iko sana na inafanywa na watu wenye wanampenda mtoto kabisa. Lakini chenye kinatolewa ni jino lake la maziwa halijakomaa, linachokolewa na kisu ama spoki ya baisikeli, bila ganzi, kwa mtoto ameshapoteza maji. Anavuja damu, jeraha linaingia uchafu, anaweza pata pepopunda, ata virusi vya ukimwi kama hicho chuma kimetoka kwa mdomo wa mtoto mwingine, na baadaye meno ya ukubwani yanatoka yameharibika ama hayatoki. Na hawezi kunyonya na hicho kidonda, kwa hio yale maji ulikuwa unarudisha yamekatika pia.

Meno hayaleti kuendesha. Yanafuatana tu, juu huo ndio umri mtoto anaanza kutambaa, anaokota kila kitu anaweka mdomoni, na chakula cha nje kinaanza. Dani, yani nyanya yake, akisema ni meno usimjibu vibaya, mwambie "sawa dani, lakini wacha kwanza nimpe maji, tukitoka kliniki tutaongea". Kumpa mtoto maji hakuna mtu anakataa, na ukishamnywesha siku mbili hio story ya meno inaisha yenyewe.

Wakati wa kutoka nyumbani

Shika ngozi ya tumbo lake, katikati ya kitovu na ubavu, ivute kidogo na vidole viwili alafu achilia. Ya mtoto mwenye ako na maji inarudi papo hapo. Ikirudi polepole unaona mkunjo, toka. Ikipita sekunde mbili bado imesimama, kimbia. Angalia pia macho yameingia ndani, analia bila machozi, pampers imekaa kavu masaa sita, utosi umebonyea, ananyang'anya kikombe kwa kiu ama mbaya zaidi amelegea hataki kunywa kabisa. Anatapika kila kitu, choo iko na damu, amepata degedege, yote haya ni ya kwenda saa hio hio. Choo ikiwa kama maji ya kuoshea mchele na inatoka nyingi mfululizo fikiria kipindupindu, na hapo watu wazima wa hio nyumba pia wajichunge. Kuendesha kumefika siku 14, nenda ata kama anacheza. Na akiwa na joto apimwe malaria, hapa ni kando ya ziwa, usibahatishe.

Kuzuia nitapita haraka juu mnayajua. Maji ya visima vya Manyatta, Nyalenda na Obunga yanaweza onekana safi kabisa na choo cha shimo kiko hapo hatua chache, mvua ikinyesha vinaungana chini kwa chini. Chemsha, ama weka dawa ya maji kama vile chupa imeandika na ungoje nusu saa kabla ya kunywa, na uchote na kitu chenye mpini, sio kutumbukiza kikombe na mkono kwa mtungi. Mikono na sabuni ukitoka kubadilisha pampers, na hio choo ya mtoto ni chafu kama ya mtu mzima, iende chooni sio kwa mtaro. Alafu chanjo ya rota, iko kwa ratiba ya Kenya tangu 2014, inaanza wiki ya sita, ni matone ya mdomoni na ni bure. Haizuii kila aina ya kuendesha lakini ile kali zaidi ya watoto wadogo inaipunguza sana.

Ukiamua kwenda hospitali usipite dispensari yenye iko karibu ukitafuta Russia, ile hospitali kubwa ya Jaramogi, moja kwa moja na mtoto amelegea, aanzishiwe maji hapo kwanza, wakiona inahitajika watawatuma mbele. Beba kitabu cha kliniki, beba paketi za kila dawa yenye ameshapewa, ata ile ya jirani, hakuna mtu atakugombeza na kama atakugombeza vumilia, wanahitaji kujua. Na ile ORS ulichanganya usiiache mezani. Iweke kwa chupa, beba kijiko, na huko kwa tuktuk endelea kumpa mpaka mfike.